Jina la Mgonjwa Kabla ya Kisu

Mgonjwa wa Kajiado au Kitengela, maradhi yake yakizidi nguvu za madaktari wa huko, aghalabu hupelekwa Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta, ambamo pia wanafunzi wa udaktari hufundishwa. Humo hupita mikononi mwa watu wengi. Mwaka 2018 majina ya wagonjwa wawili yalichanganywa hapo. Asiyehitaji kupasuliwa akafunguliwa kichwa, na kosa likatambulikana saa kadhaa baadaye, ilipotafutwa damu iliyoganda isionekane.

Kinga yake si mashine ya thamani. Ni karatasi ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19. Kabla ya kisu, wote husimama kidogo wakataja kwa sauti: huyu ni nani, apasuliwe wapi, kwa sababu gani? Laonekana jambo la kitoto. Lakini lilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, vifo vilipungua kutoka 15 katika wagonjwa 1,000 hadi 8, kama ilivyotangazwa mwaka 2009.

Basi, ukiulizwa jina lako mara tatu, usikasirike. Na mgonjwa asiyeweza kusema, jamaa yake autazame utepe wa mkononi, asome kama jina ndilo.