Kabla hujavua rimu za chuma kwenye pikapu yako

Ukipita gereji za kando ya barabara kuanzia Likoni hadi Mtwapa, hutakosa kuona Hilux imeinuliwa kwa jeki, rimu zake za chuma zimeegemezwa ukutani, na mwenyewe amesimama akizitazama rimu nne za aloi zilizotolewa kwenye Prado iliyomaliza kazi yake. Mimi huulizwa habari hii mara kwa mara. Juzi aliniuliza mtoto wa ndugu yangu, ambaye hubeba samaki wa barafu kutoka Malindi kuja Mombasa. "Ami," akaniambia, "za Prado zina matundu sita, na zangu matundu sita. Kuna la kuuliza tena?"

Lipo, tena si moja.

Sina ugomvi na rimu za aloi. Huku kwetu upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana, na rimu ya chuma ikishachubuka rangi haichukui muda kuvimba kutu. Tena nikipewa nichague kati ya rimu mpya za bei nafuu zisizojulikana zimetoka wapi na rimu kuukuu za kiwandani, nitachukua za kiwandani. Aliyeziunda alijua zitabeba gari la uzito gani. Lakini alijua gari lake, si lako.

Tuanze na hayo matundu. Hilux ya 4x4 ina matundu sita, na ukipima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili utapata milimita 139.7. Prado ya 2002 hadi 2009 ni hivyo hivyo, na iliyoifuata pia. Hiace zile tunazopanda kila siku, nazo ni 139.7. Lakini Ford Ranger ya miaka ya karibuni ina matundu sita ya 139.7 na haiingii kwenye Hilux, kwa sababu tundu kubwa la katikati ni milimita 93.1 ilhali habu ya Hilux inataka 106.1. Nissan Navara ya kuanzia 2005 ina sita pia, ila za 114.3. Na kama Hilux yako ni ile ya chini isiyo 4x4, huenda ina matundu matano tu, basi habari ya Prado iishie hapo. Nimewahi kumsikia muuzaji akimwambia mteja kwamba tundu la katikati likikataa "litachongwa kidogo". Ukisikia maneno hayo, shika njia yako.

Tundu la katikati likiwa kubwa kupita habu, kuna hatari nyingine. Rimu itaingia vizuri, lakini itacheza, na gari litatetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu. Zipo pete za kuziba nafasi hiyo, na zinafanya kazi zikiwa za kipimo sawasawa.

Jambo la pili ni umbali ambao rimu inaingia ndani au kutoka nje. Ilaze rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi pale rimu inapokaa kwenye habu. Rimu ya Prado ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7.5 itakupa kama sentimita 13 na nusu, na hiyo inakaribiana na Hilux. Ikitoka nje sana, bearing za habu hubeba mzigo vibaya na usukani huwa mzito. Ikiingia ndani sana, tairi itasugua. Usishuke inchi pia: rimu ndogo kuliko yako huenda ikagonga breki.

Sasa nifike kwenye nati, maana hapa ndipo watu wanapouana bila kujua.

Nati ya rimu ya chuma imechongoka upande mmoja kama pia wanayochezea watoto. Ile sehemu iliyochongoka huingia kwenye tundu la rimu, ambalo nalo limetengenezwa kwa mteremko huo huo, na ukikaza vinashikana pande zote. Rimu nyingi za aloi za Toyota za kiwandani hazikutengenezwa hivyo. Tundu lake limenyooka, na pale nati inapokalia pamekuwa bapa. Nati yake ina shingo ndefu inayozama ndani ya tundu, na juu yake washa pana inayolalia ule ubapa. Washa ndiyo inayokaza.

Ukichukua nati za chuma ukazifunga kwenye rimu hiyo, zitakaza. Fundi atavuta spana mpaka mishipa imtoke shingoni na utaona kila kitu kiko imara. Lakini kinachogusa ni ukingo mwembamba tu wa nati, na aluminiamu ni laini kuliko chuma. Kadiri gari linavyokwenda, ukingo ule unakula rimu, nafasi inapatikana, na nati inalegea. Halafu kuna unene. Rimu ya aloi ni nene zaidi pale katikati, kwa hiyo bolti za habu hazitokezi sana upande wa nje. Nati fupi ya chuma hupata nyuzi chache za kushika, na hiyo shingo ya nati ya aloi iliwekwa ili izifuate nyuzi ndani ya tundu. Kipimo changu ni hiki: bolti za Hilux ni za milimita 12 na kila mzunguko wa nati husonga milimita 1.5, kwa hiyo tangu nati iguse nyuzi hadi ikaze kwa mkono hesabu angalau mizunguko 8. Ikikaza kwa 4 au 5, usiondoe gari.

Basi ukinunua rimu, nunua na nati zake, 24 kwa magurudumu manne. Muuzaji akisema zilipotea, tafuta kwingine kabla ya kulipa. Na usitegemee jina la gari pekee. Tazama tundu lenyewe, kama ni mteremko au ni bapa, kwa sababu rimu za kununua dukani mara nyingi hutaka nati zilizochongoka. Nyuzi zisipakwe grisi wala oili. Zikilainishwa, spana ile ile inakaza kupita kiasi na bolti hunyooka mpaka ikakatika. Vitabu vya Toyota vinataka nati za rimu za aloi ziangaliwe tena baada ya kilomita 1,600. Mimi naona kwa barabara zetu hiyo ni mbali mno. Kaza tena ukifika kilomita 100, halafu baada ya wiki.

Mtoto wa ndugu yangu aliyaelewa hayo upesi. Tulibishana kwenye mzigo. Prado ni gari la abiria, na uzito wake umegawanyika mbele na nyuma. Pikapu yenye masanduku ya samaki na barafu hubebesha karibu kila kitu magurudumu mawili ya nyuma, na ikiingia shimo kwa uzito huo, rimu ndiyo inayopokea. Chuma kitapinda, na fundi wa pancha atakigonga kirudi. Aloi hupasuka. Nyingi za rimu zinazotoka Japani zimechapwa herufi za viwango: JWL ni ya magari ya abiria, na JWL-T ni ya malori na mabasi. Anayebeba mzigo kila siku nimwambie atafute hiyo T, na akiikosa abaki na chuma chake. Anayeendesha pikapu kwenda ofisini na kurudi, hilo halimhusu sana.

Tairi nazo zina lao. Hilux nyingi za kazi huvaa 205R16C, na hiyo C ina maana tairi imeundwa kwa mzigo na kwa upepo mwingi. Rimu ya Prado mara nyingi huja na 265/65R17. Ukisoma namba ya mzigo ubavuni unaweza kudanganyika, kwa maana ya kwanza ni 110, yaani kilo 1,060, na ya pili huwa 112, yaani kilo 1,120. Yaonekana umepanda daraja. Lakini ukuta wa tairi ya abiria ni laini, na hauhimili upepo ambao madereva wetu wamezoea kuujaza wanapopakia. Usipite kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake. Tazama pia zile tarakimu nne za tarehe: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama kashata zake bado zasimama. Na kwa kuwa tairi hiyo ni kubwa kwa karibu asilimia 5, mshale ukionyesha 80 wewe uko karibu 84.

Ukifika kuzikagua, zigeuze. Uzuri wa mbele hupakwa rangi kwa dakika kumi, lakini nyuma hakuna anayehangaika. Tafuta alama ya kuchomelewa. Rimu ya kiwandani hutiwa moto kwa mpango ili iwe ngumu, na mwali wa fundi wa kuchomelea huuharibu ugumu huo pale pale ilipopasuka mwanzo. Pitisha kidole ukingoni panapokaa tairi. Kama pameota unga mweupe, hewa itavuja kila siku. Kisha omba izungushwe kwenye mashine ya kubalansi kabla ya kutoa pesa. Na risiti uichukue, iwe na jina na namba ya simu ya muuzaji. Rimu huibwa, na kupatikana na mali ya wizi ni kesi hapa Kenya.

Siku ya kufunga, habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Aluminiamu na chuma vikikutana kwenye chumvi hulana, na baada ya mwaka mmoja rimu hung'ang'ania habu hata ukaipiga teke haitoki. Grisi kidogo sana kwenye mdomo wa habu inatosha, mbali na nyuzi na mbali na breki.

Imebaki spea, ambayo chini ya gari bado ni ya chuma na ni ndogo kuliko hizo nne. Nati za aloi za Toyota huwa na sehemu iliyochongoka chini ya washa, hivyo zinaweza kuishika kwa dharura, lakini nati za zamani ziwekwe sita kwenye mfuko nyuma ya kiti. Na ukiifunga hiyo spea, isiwe ya kumalizia safari ya Malindi ukiwa na mzigo. Iwe ya kukufikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu.