Mtumbwi Unauzwa Vitshumbi, Namba Je?

Mtu anayeuza boti ya matanga pale Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, huanza kwa kuhesabu: matanga mawili, nanga na mnyororo wake, redio, paneli za sola, jiko la gesi, vitanda vinne. Orodha ikirefuka, bei nayo inapanda. Vitshumbi, kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Edward, mashariki mwa Congo, orodha ya muuzaji haijazi hata ukurasa mmoja wa daftari. Mtumbwi wa mbao, moteri, nyavu, makasia, taa, kata ya kufua maji. Mnunuzi anayeijua kazi husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza jambo ambalo halikutajwa. Namba iko wapi?

Vitshumbi iko zaidi ya kilometa 100 kaskazini mwa Goma, katika teritware ya Rutshuru, ndani kabisa ya Hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikawa ya kwanza ya aina yake Afrika, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo wavuvi wa hapa ni wakazi wa mahali ambapo kwa sheria hakuna anayeruhusiwa kulima wala kukata mti. Tembo huweza kupita karibu na nyumba, na korongo wakubwa wanaoitwa marabu husimama kando ya meza za samaki kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Chakula kingine chochote lazima kitoke nje. Ziwa ndilo shamba.

Upande wa Congo vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa ni vitatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Uvuvi wake umekuwa ukisimamiwa na ushirika wa COPEVI pamoja na ICCN, taasisi ya serikali inayolinda hifadhi, na idadi ya mitumbwi imewekewa kikomo: unaoruhusiwa huwa na namba. Hapo ndipo biashara ya mtumbwi wa mkono wa pili inapogeuka kuwa kitu tofauti kabisa na biashara ya boti kwingine. Mbao zinaweza kununuliwa tena, moteri pia. Nafasi ya kuvua haipatikani dukani. Mtumbwi mzuri usio na namba huuzwa rahisi, na urahisi huo ndio unaopaswa kumshtua mnunuzi, kwa sababu walinzi wa hifadhi wamekuwa wakikamata mitumbwi ya namna hiyo na kuiharibu. Aliyenunua bila kuuliza karatasi iko kwa jina la nani amenunua kuni.

Namba ikishapatikana, mtumbwi wenyewe sasa. Rangi mpya haimvutii mnunuzi mzoefu, inamtia shaka. Huchukua kisu akaichokoa mbao chini ya mataruma na pale mbao mbili zinapokutana. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mazungumzo ya bei yanaanza upya. Sehemu mbaya zaidi mara nyingi ni ndani, pale maji ya mvua yanapotuama wiki baada ya wiki. Misumari nayo husema: ikitoa machozi ya kutu juu ya rangi, mbao inayoizunguka imeshalegea.

Kazi ya kuziba viungo vya mbao watu wa pwani wanaijua kwa jina la kalafati: kushindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nafasi za mbao ili maji yasipite. Mafundi wa Matondoni, Lamu, wamekuwa wakiifanya vizazi na vizazi. Lakini adui wa jahazi la Lamu si yule wa mtumbwi wa Vitshumbi. Baharini yuko kiumbe wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, anayetoboa mbao mpaka zikawa kama sega la asali. Ziwani hayupo. Badala yake kuna ukungu unaoozesha mbao, nao hustawi kwenye mbao zinazokaa na unyevu wa maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana mtumbwi wa ziwani huweza kuonekana mzima machoni huku umeshakufa kwenye kiuno. Na kwa kuwa miti ya hifadhini haikatwi, kila ubao wa kuutengeneza lazima usafirishwe kutoka mbali.

Moteri ndiyo sehemu yenye ujanja mwingi. Nyingi zinazoonekana kwenye maziwa yetu ni Yamaha za nguvu za farasi 15, 25 au 40, za aina inayochanganya mafuta ya injini moja kwa moja na petroli: kwa kawaida nusu lita kwa lita 25. Mwenye haraka hukadiria kwa jicho, na miaka miwili baadaye mtu mwingine hununua pistoni iliyochubuka bila kujua. Mnunuzi makini hufika mapema, kabla muuzaji hajaiwasha, kwa sababu moteri iliyokwishapashwa moto huficha ugonjwa. Hugusa kifuniko: kikiwa cha vuguvugu, kuna jambo. Ikishawaka hutazama kijito cha maji kinachoruka kutoka ubavuni mwake, ishara kwamba inajipoza. Kisha hufungua skrubu ya chini na kutazama oili ya gia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Nyavu hazihitaji maneno mengi. Matundu yapimwe, maana nyavu za matundu madogo ni marufuku, nazo huchukua tilapia wachanga ambao mwakani wangekuwa kitoweo.

Ziwa lenyewe nalo limo kwenye bei, ingawa hakuna anayeliandika. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000; kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa na watu wenye silaha. Kinyesi cha viboko hurutubisha maji, mwani ukaota, tilapia wakala. Mvuvi anayemwogopa kiboko kwa kuwa hupindua mitumbwi ndiye huyohuyo anayekosa samaki kiboko akitoweka.

Kisha kuna watu. Vikundi vyenye silaha vimewahi kuwatoza wavuvi wa ziwa hili ushuru ili waruhusiwe kutega, na Machi 2024 waasi wa M23 waliiteka Vitshumbi. Mpaka na Uganda unapita majini bila alama yoyote inayoonekana. Congo ina sehemu kubwa ya ziwa, lakini upepo haujui hilo. Wavuvi wengi wa Congo wamekamatwa kwa kuvuka, na Julai 2018 wanajeshi wa nchi hizo mbili walirushiana risasi ziwani. Simu yenye ramani, ambayo kwenye boti ya Kilifi ni nyongeza tu, hapa ingestahili kuwekwa juu kabisa ya orodha, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Jaribio la mwisho hufanyika majini. Mtumbwi hupakiwa kama siku ya kazi, watu na nyavu zote, ukasukumwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Wakishafika mbali na viboko wa ufukweni, moteri huzimwa. Wanakaa nusu saa kimya, macho sakafuni, wakitazama maji yanavyopanda. Kata mbili tatu za kufua hazimtishi mtu. Baada ya hapo moteri huwashwa tena ikiwa bado ya moto, na nyingi zilizowaka vizuri asubuhi hukataa hapo. Muuzaji lazima awemo ndani, na makasia yasisahauliwe ufukweni.