Mpiga Ngoma na Swala Yake

Msimu wa mavuno ukimalizika, vikundi vya ngoma vya Usukumani huzunguka kijiji hadi kijiji. Bagika na Bagalu, wanaonasibishwa na Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19, hushindana wakicheza kwa wakati mmoja. Wanaovuta watazamaji wengi ndio washindi. Kwa ajili ya kuwavuta, wapo wanaotumia dawa.

Mzazi mmoja alitujia msikitini, hapa Bariadi, akitutaka tumkemee mwanawe, mpiga ngoma. Tulimwita kijana. Hakujitetea, bali aliuliza: akiwa safarini, maji hayapatikani, aswali vipi?

Tulinyamaza. Tulikuwa tumejiandaa kuonya, si kufundisha.

Tulimweleza kwamba safari haiondoi faradhi ya swala, na kwamba asiyepata maji hutayamamu kwa udongo safi. Ama kupunguza rakaa katika safari ya namna ile, tulimpeleka kwa imamu. Kuhusu dawa hatukumung'unya maneno: kutegemea hirizi ili watu wakupende ni shirki. Akajibu kwamba amekwisha kuikataa, na huenda wenzake wasimchukue tena.

Baba yake hakuwa akilijua hilo. Hakuwahi kumuuliza.

Wazazi wenzetu, haramu tuikataze bila kuoneana haya. Lakini kabla ya kumfukuza kijana nyumbani, tumsikilize kwanza. Anayeuliza namna ya kuswali angali ameushika mlango wa msikiti, tusimfungie sisi.