Je, Wajua? Si kila pikipiki ina rejeta

Bajaj Boxer, boda inayoonekana kila kona ya Dar es Salaam, haina hata tone la kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Injini yake hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda.

Ndugu yake, Pulsar NS200, ana rejeta. Kiwango hutazamwa injini ikiwa imepoa na pikipiki imesimama wima: kulanti iwe kati ya alama mbili za kichupa chake. Anayefungua kifuniko cha rejeta injini ikichemka anajitafutia kuungua uso.

Maji ya bomba kwenye rejeta? Huacha ukoko ndani ya mirija, bora yaliyokenekwa.

Kulanti kuukuu haimwagwi mtaroni. Ile ya ethilini glikoli ni tamu, na mbwa akiiramba huharibika figo.