Moshi wa Injini Ndogo Una Rangi Tatu

Katika mashamba ya skimu siku hizi injini ndogo ya petroli imekuwa kama kibarua wa kudumu. Huku inavuta maji bwawani, kule inazungusha mashini ya kukatia ng'ombe majani. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayeitazama. Siku inapoanza kutoa moshi, mwenyewe huifunga juu ya pikipiki akaipeleka sokoni, na fundi wa hapo, kabla hajauliza neno, huchukua spana akafungua kabureta. Jioni mkulima hurudi nyumbani na kabureta mpya, mfuko mtupu, na mara nyingi moshi ule ule.

Yafaa basi kila mwenye injini ajue kuutambua ugonjwa kabla ya kutoa pesa. Injini tunayoisema hapa ni ile ya silinda moja, yenye nguvu za farasi karibu tano, ambayo oili huwekwa mahali pake na petroli mahali pake. Honda GX160 ndiyo inayojulikana zaidi, na ziko nyingine nyingi zilizotengenezwa kwa umbo lile lile. Injini za jamii hii ndizo pia zinazoendesha vigari vidogo vya mbio viitwavyo gokati, mchezo ulioanza California mwaka 1956, wakati Art Ingels alipofunga injini ya mashini ya kukatia nyasi kwenye fremu ya vyuma. Wenye vigari hivyo hupata taabu hizi hizi za moshi, ila wao hawana kabeji zinazongoja maji.

Tuanze na moshi mweupe, maana hauna mambo mengi. Asubuhi ya baridi injini hutoa mvuke mweupe kwa dakika chache, kisha huisha. Hiyo si taabu. Ukiendelea, na injini inakohoa na kutaka kuzimika, shuku maji ndani ya petroli. Funga koki, kisha legeza bolti iliyo chini ya kikombe cha kabureta, kinga petroli kwenye chupa safi na uitazame mwangani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yametulia chini. Kosa hapo ni la mtungi, si la injini.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa watu wengi hukimbilia kusema ringi zimekwisha. Ngoja kwanza. Injini hii hutaka oili kiasi cha lita 0.6 tu, lakini madukani oili huuzwa kwa chupa ya lita moja, na mtu aliyekwisha kununua chupa huimimina yote. Oili ikizidi hutafuta njia ya kutokea, na njia yake ni silinda. Weka injini mahali palipo sawa, futa kijiti cha kupimia, kitie bila kukikaza, kisha ukitazame. Iliyozidi imwage.

Jambo la pili ni huko kulazwa ubavu juu ya pikipiki. Oili hupanda ikaingia silindani na hata kwenye chujio la hewa. Ukiiwasha hutoa moshi mzito wa kutisha, kati ya buluu na mweupe, na baada ya muda mfupi moshi husafika wenyewe. Hakuna spea ya kununua hapo, ila kulikagua chujio. Lakini ikiwa oili ni ya kiasi chake, injini haikulazwa, moshi wa buluu hauishi, na kamba ya kuwashia imekuwa nyepesi mkononi, basi huenda ringi zimekwisha kweli, na hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa moshi mweusi. Huu ndio wenye mengi. Maana yake ni kwamba petroli imezidi au hewa imepungua, na mambo hayo mawili hutoa moshi ule ule. Ukifungua plagi utaiona imefunikwa na masizi makavu. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa.

Kwanza tazama choki. Wengi huivuta ili kuwasha, kisha huisahau, au kiwiko chake kimelegea hakirudi mpaka mwisho. Baadaye fungua chujio la hewa. Lile la sponji lioshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, likauke, lichovye katika oili safi ya injini na kulikamua sana. La karatasi lisiguswe na maji wala oili. Ligonge taratibu litoke vumbi, na likiwa limejaa, badilisha. Kanuni ni kusafisha kila baada ya saa 50 za kazi, lakini penye vumbi la mashini ya majani mimi ningesema kila wiki. Wako wanaolitupa kabisa ili injini ipumue. Moshi hupungua, ni kweli, na vumbi huingia likasaga ringi na silinda, na moshi unaorudi baadaye ni wa buluu.

Ikiwa choki na chujio ni vyema, angalia ndani ya kabureta. Humo mna boya, ambalo mafundi huliita floti, nalo huinua sindano inayofunga petroli kikombe kinapojaa. Taka kidogo ikikwama chini ya sindano, petroli haizuiliki. Utaiona ikidondoka nje, au, na hili ni baya zaidi, ikiteremka polepole usiku mpaka ndani ya injini. Ukipima oili asubuhi ukakuta imeongezeka wala hukuongeza, inuse. Ikinuka petroli, usiiwashe injini hata kidogo. Oili ya namna hiyo ni nyepesi kama maji na haiwezi kukinga vyuma. Safisha sindano, mwaga oili yote, weka mpya. Na tangu siku hiyo funga koki ya petroli kila umalizapo kazi.

Iko sababu moja ambayo mafundi wengi hawaifikirii, nayo inahusu hasa wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za juu. Mama mmoja wa upande wa Njabini alinunua injini na pampu yake kwa mtu aliyekuwa akilima vitunguu huko Marigat. Kule ilifanya kazi bila moshi. Kwake ilitoa moshi mweusi tangu siku ya kwanza, ikawa nzito, na plagi ikajaa masizi kila baada ya siku mbili tatu. Alinunua plagi, kisha kabureta mpya. Alipofika ofisini kwetu ilikuwa mwezi wa Februari, na nusu eka ya kabeji zake ilikuwa imeanza kunyauka.

"Karani," alisema, "injini hii imekula mbuzi wangu wawili, na bado ni moshi."

Nikamwuliza, "Moshi wa rangi gani, Mama?"

"Mwanangu, moshi ni moshi tu."

Chujio lake lilikuwa safi, choki ilifunguka, boya lilikuwa zima. Ugonjwa ulikuwa mlima wenyewe. Marigat iko kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Njabini karibu mita 2,500. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, lakini tundu la kabureta linalopitisha petroli, liitwalo jeti, halijui kwamba limepanda mlima. Linatoa petroli ya bondeni kwa hewa ya mlimani. Kabureta mpya aliyouziwa ilikuwa na jeti ya kadiri ile ile, basi ingewezaje kuleta nafuu? Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi. Kila jeti imepigwa namba, na namba ikipungua tundu nalo hupungua. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya kabureta nzima. Kazi ni kupata muuzaji anayejua kuiagiza kwa aina na namba ya injini yako. Yule Mama aliipata baada ya juma moja. Moshi ulikwisha, na safu za kabeji zilizo karibu na bwawa zilipona. Zile za juu hazikungoja.

Hata hivyo jeti ndogo hairudishi nguvu zote. Kwa kila mita 300 unazopanda, injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake, yaani huko Njabini imepungukiwa na zaidi ya robo ya nguvu za pwani. Jeti huizuia tu isipoteze zaidi ya hapo. Usiipe kazi ya injini iliyoko Hola. Na injini iliyowekwa jeti ndogo ikiteremshwa kwa ndugu Hola au Mwea, rudisha jeti ya kwanza kabla ya kuiwasha, maana huko itapata petroli kidogo kuliko hewa, ipate moto kupita kiasi, na kuharibika ndani.

Petroli ikipungua kwa sababu ya uchafu, dalili ni nyingine: hakuna moshi, bali mlio hupanda na kushuka kama mtu anayehema, na injini hutulia ukivuta choki. Jeti imeziba. Mara nyingi kilichoziba ni utomvu wa petroli ya zamani iliyoachwa kwenye kabureta msimu mzima wa mvua. Fungua kikombe kwa spana ya kumi, toa jeti, ioshe kwa petroli safi na uipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiitoboe kwa waya. Waya hupanua tundu, na jeti iliyopanuka itakupa moshi mweusi siku zote. Injini isipokuwa na kazi kwa zaidi ya mwezi mmoja, funga koki uiache iendelee mpaka izimike yenyewe, kisha mwaga kilichobaki kikombeni.

Uko moshi mwingine usio na rangi wala harufu, nao hutoka katika kila injini ya petroli, na hutoka kwa wingi zaidi katika ile yenye moshi mweusi. Ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Pampu hunyonya maji kwa msaada wa uzito wa hewa unaoyasukuma juu. Karibu na bahari huweza kunyonya kutoka kina cha mita 7 hivi, na huku juu kina hicho hupungua kwa mita mbili au zaidi. Kwa hiyo watu huchimba shimo au huishusha injini ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Shimo hilo hujaa sumu kwa dakika chache, na aingiaye kuongeza petroli huanguka bila kujua limpatalo. Injini ikae juu, penye upepo, na bomba la moshi lielekee mbali na kisima. Ikiwa maji yako chini mno, tafuta pampu ya kuzamishwa majini inayotumia umeme au jua. Na mtu akianguka kisimani usimfuate. Zima injini ikiwa iko mahali unapoweza kuifikia, ita watu, na avutwe kwa kamba kutoka juu.