Mayai Yanayongojea Mvua

Katika mabonde mengi ya nchi zetu watu wamepata kuona jambo hili. Kiangazi chote dimbwi lilikuwa kavu, ardhi imepasuka, ng'ombe wapita juu yake. Mvua ikanyesha, na baada ya majuma machache watoto wakaja nyumbani na visamaki wenye rangi nzuri. Je, walitoka wapi? Wengine husema walianguka na mvua. Wengine husema walijizika topeni kama afanyavyo kamongo. Lakini sivyo.

Dimbwi likaukapo, samaki hawa hufa wote, asisalie hata mmoja. Kinachobaki ni mayai. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Mmoja wao ni wa kisiwa cha Unguja, na wengine wako Tanzania bara, Kenya, Msumbiji na Zimbabwe. Wengi hawazidi urefu wa kidole. Dume ana rangi za kung'aa, jike hana pambo. Jike hutaga yai moja moja topeni, nalo ni dogo sana, upana wake kadiri ya milimita moja tu.

Kila mama wa nyumbani ajua kwamba yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Likisha kuanza safari, haliwezi kusimama njiani miezi mingi kisha likaendelea. Yai la samaki huyu laweza. Lina vituo vitatu vya kupumzika. Cha kwanza ni mwanzo kabisa, mtoto bado hana umbo lolote. Cha pili, mwili umekwisha anza kufanyika na moyo umekwisha anza kupiga. Cha tatu, mtoto amekamilika, angojea maji tu ili atoke.

Basi, huko Msumbiji Matej Polačik na wenzake walichimba udongo wa madimbwi mbalimbali, nyakati mbalimbali za mwaka, wakayatazama mayai. Habari zao zilitoka mwaka 2021. Wakati wa mvua, mayai yote yalikuwa kituo cha kwanza. Wakati wa kiangazi, yote yalikuwa kituo cha pili. Tena ilikuwa hivyo hivyo katika dimbwi hili na lile, kana kwamba yamepigiwa kengele moja. Yakilelewa ndani ya nyumba za wataalamu, mwendo wao si huo. Yaani hali ya dimbwi lenyewe ndiyo inayoyaongoza.

Lakini nyakati mbili mayai hayaendi pamoja: dimbwi linapokauka, na kiangazi kinapokaribia kwisha. Hapo mengine hutangulia, mengine hukawia. Mkulima ataelewa faida yake. Mwenye busara hapandi mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza, maana mvua hiyo yaweza kudanganya. Mvua ikija kisha ikakatika, walioanguliwa watakufa, lakini ndugu zao waliokawia wangali wamo udongoni, nao watangojea mvua ya kweli.

Wakiisha kuanguliwa, huishi kwa haraka. Huko Msumbiji wameonekana samaki wa jamii hii waliokomaa na kuweza kuzaa wakiwa na umri wa siku 14 tu. Tena walipolelewa pamoja katika maji yasiyokauka, wale ambao asili yao ni sehemu kavu walizeeka na kufa mapema kuliko wenzao wa sehemu zenye mvua nyingi. Ukavu wa kwao umekwisha ingia katika damu yao.

Ndugu msomaji, hapa pana la kuangalia. Twaliona dimbwi kavu twadhani ni mahali pasipo kitu. Twachota udongo wake kufyatulia matofali, au twalijaza kifusi tupate njia. Lakini ndani ya tope lile kavu mna kizazi kizima kilicholala. Baadhi ya aina za samaki hawa zajulikana katika madimbwi machache tu, na dimbwi likifukiwa, hakuna samaki wakubwa waliobaki mahali pengine wa kuanza upya. Tena samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu, basi ni majirani wema.

Kwa hiyo, kabla ya kuchukua jembe, tuwaulize wazee: je, mvua inyeshapo, hapa huonekana samaki?