Makoro mazito, makoro mepesi: ni gani ya kuweka chini ya barabara?

Wakati wa mvua, kamio ikimwaga majiwe mu matope ya barabara ya Sake–Masisi, watu wanafurahi. Lakini nyuma ya muda majiwe yanazama, shimo linarudi, na magari yanapanga mustari tena.

Sisi wakaaji wa Goma hatuoni shida hiyo sana, sababu tunajenga juu ya lava ngumu: ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliyopita katikati ya muji, na ile ya 22 Mei 2021 iliyokata barabara ya kwenda Rutshuru. Kule kwenye udongo laini wenyi kujaa maji, ni uzito wenyewe wa majiwe unaosukuma barabara chini. Ukiongeza mazito, unaongeza pia kuzama.

Kwa hiyo mafundi wa inchi zingine wanajaza kitu chepesi. Mwaka 1972, huko Norway, kwenye daraja la Flom karibu na Oslo, waliweka chini ya barabara vipande vikubwa vya polistireni, ile nyeupe inayolinda televisheni mupya ndani ya katoni. Mita kubo moja yake ina karibu kilo 20. Ya udongo ulioshindiliwa inakaribia kilo 2 000!

Polistireni nyingi hivyo, nani atalipa? Lakini volkeno zetu zimetupa puzolani, yale makoro madogo meusi ao mekundu yenyi matundu. Matundu hayo yaliachwa na gazi wakati lava iliporushwa juu na kupoa. Uzito wake ni karibu nusu ya udongo, kwa hiyo kamio inaweza kubeba mingi zaidi kwa safari moja. Si sawa na makoro mazito tunayojengea nyua.

Ila isiachwe juu. Magurudumu yanaisaga, inakuwa lile vumbi jeusi tunalolijua wote. Inawekwa chini, inashindiliwa tabaka kwa tabaka, na kitambaa cha kuzuia matope yasipande ndani yake. Kisha juu yake kokoto ngumu, na mifereji pembeni, la sivyo maji yataharibu kazi yote.

Unataka kutofautisha? Jaza ndoo mbili sawasawa, moja makoro ya ukuta yaliyopondwa, nyingine puzolani, halafu uzinyanyue.